Somo la Saa Tisa

Muuguzi mmoja alikuwa na zahanati, lakini hakuwa na mwenzake. Jina lake Nakijwa. Alizaliwa Upare, akapangiwa kazi katika milima ya Rungwe, ambako baridi haimhurumii mgeni na lugha ya wenyeji ilimpita masikioni asiikamate. Muuguzi aliyeanza naye kazi alihamishwa. Akabaki yeye, kabati la dawa, na benchi la wagonjwa.

Ndipo yakaletwa mafunzo ya kutunza wagonjwa wa kisukari, yakifundishwa kwa simu. Kila Jumatano saa tisa alasiri daktari wa mjini alifundisha, na wahudumu wa zahanati za mbali wakamsikiliza kila mmoja alipo. Bondeni mtandao haukushika. Ilimbidi Nakijwa apande hadi kilimani kwenye tangi la maji, nusu saa kwa miguu. Na sauti ilipotoka kwenye simu ilisema, "Karibuni, wenzangu." Wiki nzima hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Naye alikuwa akiitikia kwa sauti, peke yake penye upepo, "Ahsante, daktari," ingawa alijua hasikiki.

Alisoma kwa bidii, na maswali aliyapata yote. Msimhukumu kwa uvivu, hakuwa mvivu.

Palikuwa na mgonjwa, Mzee Ambakisye, mgane asiye na mtoto karibu. Kila mwezi alitembea saa mbili, na mabuti yake ya shambani miguuni, kufuata vidonge vyake vya kisukari. Jumatano moja alifika saa nane. Nakijwa akamtoboa kidole, akasoma kipimo, akaandika, akampa vidonge. Mzee hakuinuka. Alitazama sakafu, akakohoa, akasema ana neno dogo. Nakijwa akaangalia saa ya ukutani. Akamwambia kwa upole kwamba wataongea mwezi ujao, akamshika mkono hadi nje, akafunga mlango, akakimbilia kilimani.

Somo la siku hiyo lilikuwa la miguu. Daktari alifundisha kwamba kisukari hutia nyayo ganzi, mtu akakanyaga msumari asijue. Kwa hiyo kila mgonjwa avuliwe viatu, mguu wake ushikwe, utazamwe hadi katikati ya vidole. Nakijwa akaandika kila neno.

Mwezi uliofuata mzee hakuja. Nakijwa alimsubiri siku tatu, ya nne akafunga zahanati akamfuata kwake. Harufu ilimpokea kabla ya mwenye nyumba. Kidonda kilikuwa kimekula unyayo, na vidole viwili vimekuwa vyeusi. Akapiga magoti, akaushika ule mguu, akauliza lilikuwa neno gani siku ile.

Mzee akajibu pasipo hasira, "Nilitaka kukuambia soksi yangu inalowa damu, nami sisikii maumivu. Nikakuona una haraka, mwanangu, nikasema nisikucheleweshe."

Majirani wakambeba kwa machela hadi barabarani. Huko hospitali kubwa wakamkata mguu chini ya goti. Nakijwa alikaa naye siku mbili, kisha akarudi kwenye kazi yake, maana hapakuwa na mwingine wa kuifanya.

Jumatano akapanda kilima. Sauti ikawapongeza waliofaulu, ikataja jina lake miongoni mwa wa kwanza. Safari hii hakuitikia. Alisimama akitazama nyumba za bondeni, moshi ukipenya katika mapaa, akajaribu kukumbuka ni nyumba ngapi amewahi kuingia tangu afike. Ilikuwa moja tu, na aliingia amechelewa.

Mzee aliporudi kwa magongo, Nakijwa alianza kwenda kwake kila Jumapili. Alimfunga bandeji, kisha wakaketi kando ya moto. Mzee hakuwa mtu wa maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama Kinyakyusa cha muuguzi. Mara nyingi jua liliwachwea hivyo hivyo, kila mmoja na ukimya wake. Hata hivyo hakuna aliyetangulia kuaga.

Mmejifunza mengi, ndugu zangu, na vyeti mnavyo. Mlijifunza kwa ajili ya nani?