Ndovu Aliyengoja Boriti Inenepe

— Enyi mliokaa!
— Tumekaa!
— Mmekalia nini?
— Masikio!
— Yainueni basi, mnayabana. Nina uongo mmoja wa kuyalisha.
— Lete, yana njaa!

Hapo kale, penye mlango wa mto, aliishi Bi Kaa. Shimo lake lilikuwa matopeni, chini ya mikoko, na humo alilea watoto wengi kuliko majina aliyoweza kuwapa. Bi Kaa hakujiona kitu. Akiulizwa hali hujibu, "Hali gani kwa kiumbe asiye na kichwa? Macho nimeyatundika vijitini, na nikitaka kwenda mbele nakwenda upande."

Ng'ambo ya mto nako kulikuwa na mikoko. Ndovu aliikata yote akajenga nyumba. Akalala, akajigeuza ubavu, brakacha! Nyumba chini. Bahari nayo ilipoona ukingo uko uchi, ikaingia. Ikala mchanga, ikala minazi, ikatia chumvi kisimani. Ndovu akavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi, akasimama juu ya shimo la Bi Kaa.

"Hodi!" akasema, na mlango ameshaukanyaga.

"Karibu, bwana. Naona umeshaingia."

"Nimekuja kukata boriti. Nataka nyumba nyingine, kubwa zaidi."

Bi Kaa akatazama mikoko yake. Ilikuwa michanga bado, tena imeachana kama meno ya kizee. Ikikatwa hii, bahari itavuka upande huu, na watoto watabebwa na maji. Nao hata kwenda upande hawajajua vizuri. Afanye nini? Apigane? Gando lake lisingetosha kumkuna Ndovu ukucha.

"Kata, bwana," akasema. "Mimi mwanamke wa matopeni, nani aniulize habari za ujenzi? Ila hizi si boriti. Hizi ni fito."

"Fito?"

"Fito. Watu hujengea mabanda ya kuku. Nikisikia kesho wanasema Ndovu analala bandani na majogoo, nitaona uchungu. Lakini kata tu."

Masikio ya Ndovu yakasimama. "Nani atasema?"

"Si mimi. Kichwa sina, kinywa nitakipata wapi? Ngiri ndiye mwenye kinywa."

Ndovu akafikiri. "Zitakuwa boriti lini?"

"Zikibanana. Mkoko wa peke yake hupinda. Wenye wenzake hunyooka. Waona mbegu zile zinazoning'inia kama vijiti? Chomeka kwenye mapengo, kisha ngoja."

Ndovu akachomeka, chwa! Akachomeka, chwa! Chwa, chwa, chwa, ufuo mzima, mpaka tope likamfika magotini. Kisha akaketi, akangoja.

Mvua ikanyesha, jua likawaka. Ndovu akarudi.

"Bi Kaa, tayari?"

"Kata, bwana. Hizi ni pau."

"Pau za nini?"

"Za paa la jiko. Mashemeji wakija kukutembelea, utawaambia wamefikia jikoni?"

Ndovu akaguna, akaketi, akangoja. Siku moja akaja Ngiri na shoka begani. Ndovu akapiga baragumu: pruuuu!

"Ngiri! Shoka chini! Pau zangu hazijakua!"

"Bwana mkubwa, nataka moja tu ya kuchochea moto."

"Hata ya kuchokolea meno hupati!"

Ngiri akatimka, mkia juu. Bi Kaa akachungulia, akajicheka mwenyewe: "Werevu wangu huu! Nilitaka aondoke, sasa ndiye jirani."

Mvua ikanyesha, jua likawaka. Ndovu akarudi.

"Bi Kaa, tayari?"

"Kata, bwana. Haya ni mazio, pau zilizonenepa kidogo. Yanafaa ua wa mbuzi."

"Mbuzi!" Ndovu akaketi, akangoja.

Mwaka huo likaja bamvua kubwa, maji ya hasira. Ng'ambo yalipanda mpaka kwenye vichaka. Upande huu yaliingia mikokoni yakasema shwaaa, yakasema shwaa, yakasema shwa, yakachoka. Nyuma ya mikoko Ndovu alikuwa amelala, mgongo mkavu. Alipoamka akanung'unika, "Nani aliyekuwa akipiga kelele?"

"Mimi, bwana. Huwa nakoroma."

Mvua ikanyesha, jua likawaka. Mazio yakawa boriti.

"Boriti hizi, Bi Kaa! Usinidanganye!"

"Boriti kweli, bwana. Kata. Nyumba yako itakuwa sawasawa na ya Nyati."

"Ya Nyati?" Ndovu akaketi tena.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, miti ikanenepa ikawa nguzo. Ndovu akarudi.

"Hii je?"

"Nguzo, bwana," akasema Bi Kaa. Alisema kweli, maana uongo ulikuwa umemwishia. Mti ukishapita nguzo, mafundi hawana jina jingine la kuupa.

Ndovu akauzungushia mti mkonga. Akavuta. Mti ukalia, kwiii! Watoto wa Bi Kaa wakatoka mashimoni, macho juu. Bi Kaa akatafuta neno. Akalitafuta kushoto, akalitafuta kulia, hakuliona. Akajiambia, "Hii ndiyo hasara ya kuishi bila kichwa."

Ndovu akalegeza mkonga.

"Nguzo kila mtu anayo," akasema. "Mimi nataka inayofuata."

"Inayofuata inaitwaje?" Bi Kaa akaropoka.

"Ala! Fundi ni wewe, waniuliza mimi?" Ndovu akajilaza kivulini, akafumba macho. "Ikiwa tayari, niamshe."

Hajaamshwa.

Uongo wangu umenasa matopeni. Mwenye miguu mirefu akauchomoe.

— Na mafunzo?
— Mafunzo ni haya, wanangu. Usiombe ushauri kwa asiye na kichwa. Na ukitaka kukata mti, ukate leo, ungali fito. Ukingoja ukue, utaulinda, utaulalia kivuli, na nyumba hutajenga kamwe. Mtazameni Ndovu, maskini: mpaka leo hana hata mlango wa kufungia bahari, na bahari haijamfikia.