Kwa Nini Ngazi Husimama Mlangoni pa Idara ya Majumba

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mvua ya kwanza ya Novemba imetoka kukatika, Tulinagwe alipoinua macho akaona doa darini. Lilikuwa la rangi ya chai, pana kama kifuniko cha sufuria, juu kabisa ya kitanda cha tatu katika wodi ya wazazi ya mji wa Ndagara. Wodi ilikuwa mpya, kuta bado zinanuka rangi. Yeye ndiye aliyeijenga, nayo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke chuo kikuu. Ijumaa ilikuwa ifunguliwe.

Siku hizo Idara ya Majumba haikuwa kama mnavyoijua leo. Ilikuwa nyumba moja yenye watu wa namna mbili. Ghorofani walikaa wajenzi, wenye michoro na viatu safi. Uani walikaa warekebishaji, wenye ngazi. Mjenzi akishakabidhi funguo hakurudi tena. Jengo likivuja waliitwa warekebishaji, nao waliibeba ngazi mabegani wakapita nayo sokoni, mji mzima ukitazama inakwenda wapi. Ikielekea kwenye jengo jipya, vicheko vilianza. "Fulani kaitiwa ngazi," watu walisema, na neno hilo lilimganda mtu kama kupe. Palikuwa na mjenzi mmoja mwenye mvi aliyeitiwa ngazi kabla Tulinagwe hajazaliwa, na bado wauza ndizi walimsalimia kwa kumkumbusha.

Tulinagwe alijua doa lile limetoka wapi. Kofia za bati kwenye mgongo wa paa hazikulaliana sawasawa. Aliliona hilo siku zinapigiliwa, akajiambia atapanda kesho kuzikagua, na kesho ikaja na mambo yake. Sasa dawa ilikuwa kuzifungua na kuzipigilia upya, kazi ya asubuhi moja tu. Lakini ilitaka ngazi.

Mkuu wa Idara, Mzee Mwakasungula, alichungulia mlangoni.

"Mambo sawa, binti yangu?"

"Sawa, mzee."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Mzee alipokwenda zake, Tulinagwe alitafuta kopo la rangi nyeupe, akapanda juu ya kitanda kile cha tatu na kulipaka doa mara mbili. Kitanda kililia chini ya miguu yake. Kabla jua halijatua dari ilikuwa nyeupe kama maziwa. Akajiahidi kurudi baada ya ufunguzi, macho ya watu yakishahamia kwingine.

Ijumaa alipigiwa makofi. Gwamaka, mkubwa wa warekebishaji, alimpa mkono mbele ya wenzake. "Dada, kwa majengo kama haya ngazi yetu itaota kutu," alisema, nao wakacheka. Tulinagwe akacheka pamoja nao.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha kutwa nzima. Maji yalijikusanya juu ya dari, mahali palepale, mpaka ubao ukashindwa. Kwenye kitanda cha tatu alilala Atupele na mtoto aliyezaliwa alfajiri hiyo. Mkunga Sekela alisikia ubao unapasuka, akawainamia wote wawili, na dari ikamwangukia yeye. Mtoto hakuguswa. Bega la Sekela lilivunjika.

Tulinagwe alifika mbio, sketi imelowa hadi magotini. Atupele alikuwa amehamishiwa barazani, mtoto kifuani.

"Asante mama mhandisi, kwa kuja upesi hivi," alisema. "Bila nyumba hii uliyotujengea ningejifungulia njiani."

Tulinagwe alikwenda kwa Sekela, aliyekaa kwenye benchi, mkono umetundikwa kwa khanga.

"Jumanne ile nilikuona," Sekela alisema polepole. "Umesimama juu ya kitanda, unapaka. Nikasema moyoni, msomi yule anajua anachofanya. Sikuuliza."

Tulinagwe alitamani atukanwe, maana tusi mtu hulibeba akaenda nalo. Kuaminiwa hakukuwa na pa kushikia.

Asubuhi yake, sokoni watu wamekwisha kujaa, alishuka uani akaishika ngazi.

"Nani kaitiwa?" aliuliza Gwamaka.

"Mimi. Nimejiitia mwenyewe."

Warekebishaji walitazamana. Hakuna aliyecheka. "Basi tukubebee, dada."

"Nitaibeba. Njooni mnishikie chini nikipanda."

Njia ya nyuma ilikuwepo, naye aliijua. Akapita sokoni. Mwanamke mmoja alicheka, kisha wengi, na mtu akapaza sauti kuuliza ni jengo la nani. "Langu," alijibu, akaendelea kutembea, ngazi ikimkata bega. Alipanda juu ya paa la wodi, akazifungua kofia zile na kuzipigilia upya, moja baada ya nyingine. Aliposhuka alimkuta Mzee Mwakasungula chini, akamweleza yote, tangu doa hadi kopo la rangi. Mzee aliinamisha kichwa. Naye alikuwa ameuliza mlangoni tu, bila kuinua macho.

Na tangu siku hiyo ngazi haikurudishwa uani. Husimama mlangoni pa Idara, na hakuna apandaye ghorofani bila kupita kando yake. Aliyejenga ndiye anayerekebisha. Kila mwaka, mvua zikikaribia, mjenzi huibeba kwa bega lake mpaka kwenye kila jengo alilolijenga, na sokoni watu humpisha.

Wageni huuliza kwa nini haingojwi mvua inyeshe kwanza, paa lionyeshe lenyewe linapovuja. Ni kwa sababu bega la Sekela halikupona vizuri. Lilimuuma kila mawingu yalipojikusanya, na Tulinagwe hakutaka limuume kabla yeye hajaibeba ngazi.