Bwawa la Kiboko na Mafundi Wake

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na bwawa!
Bwawa la nani?
La mlafi!
Basi tulieni, maana nasimulia mara moja tu.

Hapo zamani Kiboko aliuziba mto kwa ukuta, akajijengea bwawa la kuogelea uani kwake, lenye vigae vya buluu. Mto mzima, mwogaji mmoja. Wanyama wa bondeni wakabaki kulamba umande.

Miaka ikapita. Vigae vikabanduka, ukuta ukaingia nyufa, maji yakavuja: tii, tii, tii.

Mwaka huo Bi Chura alikosa pa kutagia, akapenya uani, akataga kwenye kona ya bwawa. Akapata viluwiluwi mia na arobaini, wenye mikia, wasio na miguu, wote wana njaa.

Kiboko akamwita Fundi Ngiri. Ngiri akagonga ukuta, ko-ko-ko. Akasonya.

"Nani alikujengea hivi, Mzee? Limechoka hili. Kesho tumwage maji, tubomoe, tujenge jipya."

Bi Chura akahesabu siku. Miguu ya wanawe ilihitaji mwezi mzima. Maji yakimwagwa kesho, watakaukia kwenye vigae kama dagaa. Na kumbembeleza Kiboko alishajaribu mwaka jana. Alijibiwa kwa mwayo.

Akaruka ukingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye bwawa langu?"

"Nakuonea uchungu tu. Mtu mkubwa kama wewe, fundi mmoja? Hata sisi wadogo huuliza wawili."

Kiboko akavimba. "Nani kasema mmoja? Aletwe mwingine!"

Akaja Fundi Nungunungu. Ko-ko-ko. Akasonya.

"Nani alikwambia ubomoe? Yule si fundi, ni mchimba mihogo. Ziba nyufa, badilisha vigae, basi. Kesho tumwage maji."

Kumwaga tena! Bi Chura akasogea.

"Mzee, mmoja anasema bomoa, mmoja anasema ziba. Mmoja wao anakudanganya. Yupi?"

"Nitajuaje?"

"Ndiyo maana wakubwa huita wa tatu."

Bi Chura aliwajua mafundi. Hajazaliwa fundi wa kusifu kazi ya fundi mwenzake. Wa tatu akaja, ko-ko-ko, akasonya, akawatukana wale wawili. Wa nne akawatukana watatu. Kiboko akawa analala ameamua kubomoa, anaamka ameamua kuziba. Bwawa halikumngoja: tii, tii, tiririri.

Mwezi ukaandama, viluwiluwi wakaota miguu. Wakapita kwenye ufa, chupu, chupu, chupu, mama yao akiwahesabu, hadi bondeni, ambako maji yaliyovuja yalikwisha kuwa mto tena. Mia na arobaini. Hakupungua hata mmoja.

Kule uani Kiboko amekalia vigae vikavu, jua linamchoma mgongo. Akachungulia kwenye ufa.

"Bi Chura, dada yangu! Nizibe au nibomoe?"

Bi Chura akaugonga ukuta kwa nje, ko-ko-ko. Akasonya.

"Kwani, Mzee, nani alikujengea hivi?"

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwanogea, gawaneni, isipowanogea, mpelekeeni Kiboko, naye aiitie fundi.

Na funzo lake, watoto wangu: msikurupuke. Kabla ya kuamua jambo lolote kubwa, ombeni ushauri kwa kila mtu. Kiboko aliomba.