Picha Nne Tupu

Sogeeni. Mwenye jibu alifiche mpaka nimalize, maana kila nikisimulia kisa hiki kuna mtu ananikatiza katikati, kisha tukifika mwisho hana la kusema.

Walikuwepo wanafunzi watatu katika chuo kimoja cha katuni mjini Mbeya. Walisomea storibodi, yaani kuichora filamu picha kwa picha kabla haijaanza kutembea. Sekela alikuwa na jicho: aliiona filamu nzima kabla hajashika penseli. Lwitiko alikuwa na mkono: akichora mtu aliyechoka, na wewe unatafuta pa kukaa. Subilaga alikuwa na kipimo: aligonga meza kwa vidole, akajua picha ikae sekunde ngapi machoni pa watu.

Masika yalipofika, Sekela akaugua, akafa.

Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vilipogawiwa, mama yake akampa Lwitiko bahasha. "Alisema ni yako, baba. Usiiache ilale."

Ndani mlikuwa na picha thelathini za binti anayerudi nyumbani kutoka mbali. Zilichorwa kwa mkono wa mgonjwa, hafifu mno, hazisomeki. Baada yake zilifuata karatasi nne za mwisho, tupu.

Lwitiko alikuwa anamaliza chuo, na studio moja ilitangaza nafasi ya mchoraji wa storibodi. Mtu mmoja, kazi moja, jina moja. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Akazichora upya zote thelathini, mstari kwa mstari, kwa wiki sita. Bila mkono wake hakuna ambaye angeiona hadithi ile. Kisha akazijaza zile nne: mlango unafunguka, mama anamkumbatia binti. Akabandika kazi yote kwa pini kwenye ukuta wa darasa, akaenda zake.

Asubuhi zile nne zilikuwa sakafuni, zimelala kifudifudi. Pini zilibaki ukutani. Akazichora tena, zikaanguka tena. Wewe unayenong'ona kwamba pini zilikuwa mbovu, zilikuwa pini zilezile za picha thelathini. Lwitiko aliogopa, siwafichi. Akamwita Subilaga.

Subilaga akatazama, akagonga meza kwa vidole. "Lwitiko, mbona unamjazia? Hakuziacha kwa kuchoka. Hiki ni kimya."

Akabandika karatasi nne tupu, akaandika sekunde chini ya kila moja: tatu, tano, tano, tisa. Bila kipimo chake ingeonekana kazi ambayo haikumalizika.

Asubuhi hakikuanguka kitu.

Wakamwita mama Sekela aje aone. Subilaga akamwonyesha picha moja moja, akihesabu kwa vidole. Binti akafika mlangoni. Tupu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne yule mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu, mwanangu." Halafu akajiziba mdomo.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema baadaye akilia. "Hapigi hodi. Anasimama nje mpaka mimi nimkaribishe."

Walimu walikiri hawajawahi kuona mwisho wa namna ile. Likabaki jina.

Lwitiko akaandika lake kwenye karatasi ya mbele. Asubuhi ilikuwa sakafuni, kifudifudi. Akaandika la Subilaga, ikaanguka. Wakaandika la Sekela, wakiona haya kwamba hawakuanza nalo. Asubuhi ilikuwa chini, pini ukutani.

"Sasa anataka nini?" Lwitiko aliuliza. "Marehemu haendi kazini. Na mimi nikiikosa hii, sijui nitaanzia wapi."

Vidole vya Subilaga vilikuwa mezani, havigongi.

Studio inafunga kupokea kazi kesho mchana. Sekela aliiona, Lwitiko akaionyesha, Subilaga akaipa pumzi. Mama Sekela ana maneno mawili tu mle ndani, lakini yatoe uone kinachobaki. Karatasi ya mbele iko mezani, haina jina, na kalamu iko juu yake.

Haya, leteni majibu mliyoyaficha. Je, wewe ungeandika la nani? Na ukishaandika, ungethubutu kuwa wa kwanza kufungua mlango wa darasa asubuhi?