Kidari cha Aikande

Sogeeni karibu, na atakayekurupuka kujibu kabla sijamaliza nitamtoa nje. Kisa hiki kimeninyima raha wiki nzima, sasa kiwanyime na nyinyi.

Kulikuwa na watu watatu huko Marangu. Herieli, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alijua kupima. Mama Elinami, mjane, alijua kusubiri. Roselina, mpagazi asiye na kundi, alikuwa na jicho, hakuna kilichompita.

Wa nne ni Aikande, mke wa mtoto wa Mama Elinami, na yeye hakujua hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa mpagazi hodari wa mlimani, ila hakutulia hata akiwa usingizini. Aliteleza na mzigo, goti likachanika ndani, akapasuliwa. Aliporudi nyumbani paja lilikuwa limesinyaa, suruali ikampwaya upande mmoja. Kiongozi wa kundi lake akamwambia, "Nakupa miezi tisa. Ukipandisha kilo ishirini hadi kituo cha kwanza, nafasi ni yako. Ukishindwa, anaingia Roselina."

Goti bichi halibebi uzito, na paja bila uzito halirudi. Herieli akaleta mkanda wa kujaza upepo, akaufunga juu pajani, akapima, akajaza kiasi tu cha kupunguza damu inayopita mguuni.

"Nyanyua hiki, dada. Kilo mbili."

"Kilo mbili! Mimi?"

"Nyanyua. Damu ikipungua, msuli unadhani umebeba gunia."

Alipofika mara ya ishirini paja lilikuwa linawaka moto, akamtukana Herieli na ukoo wake wote. Lakini nyama ikaanza kurudi.

Herieli alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine alimwachia mkanda Mama Elinami, baada ya kumwonyesha alama ya kuishia kujaza. Mama akahesabu thelathini, pumzika, kumi na tano, pumzika, tena na tena, mwezi baada ya mwezi. Kwaya aliiacha.

"Mama, niongezee."

"Bado."

"Mama!"

"Nimesema bado."

Kisha Mama akaenda msibani Rombo siku mbili, mkanda akaufungia sandukuni. Aikande hakuvumilia. Akachukua mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wanaofungia mizigo, akaukaza pajani kama anayefunga turubai. Mpira hauna kipimo. Mguu ukafa ganzi, ukabadilika rangi, na fundo likagoma kufunguka.

Roselina alikuwa akipita njiani. Akauona mguu ule kupitia uzio, akaruka na kisu chake cha majani.

"Una wazimu wewe?" alisema. Alijua vizuri kwamba mguu ule ukiharibika, nafasi ni yake. Akakata mpira.

Siku ilipofika, Aikande alipandisha kilo ishirini. Roselina akabaki bila kundi.

Sasa, katika nyumba alimozaliwa Aikande, aliyepona huchinja mbuzi. Kidari hakikatwi, hupewa mtu mmoja tu, aliyemrudishia uzima, na tangu hapo huyo ni ndugu wa nyumba maisha yote. Msinitajie daktari aliyempasua, alikwishahamia Mtwara.

"Bila kipimo changu, angebaki na kijiti cha mguu," alisema Herieli.

"Na ulikuja siku ngapi, mwanangu?" Mama Elinami akamuuliza. "Mimi nimehesabu hadi nikawa nahesabu ndotoni."

"Ila ulipoondoka hukumwachia mtu, mama."

"Na wewe hukumweleza kwamba mpira unaua!"

Roselina alitazama mikono yake, ile iliyokata mpira.

Aikande amesimama na sinia, anaegemea mguu huu, anahamia ule, jasho linamtoka na mafuta yanaganda. Anaogopa kuliko siku aliyopelekwa chumba cha upasuaji, maana akimtaja mmoja, wawili watarudi kwao kama wageni.

Haya, mmenyamaza nini? Sinia aliweke mbele ya nani?