Dubu na Wenyeji wa Bonde

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa wapi?
Kaskazini, kwenye theluji.
Akawako nani?
Kila aliyefika.

Hapo kale, katika bonde moja la nchi za baridi, aliishi mama Kindi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mkia, na wanawe wanne. Majani yalikuwa yakipukutika. Kindi alikuwa akikusanya njugu za msituni, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, ziwavushe kipindi cha theluji.

Akaja Dubu, ngu, ngu, ngu, akasimama katikati ya bonde.

"Bonde hili ni la wenyeji," akasema. "Aliyetoka kwingine, yeye au babu zake, kesho avuke mto aende zake. Njugu aziache."

Kindi akageuka kuutazama mto. Ng'ambo ya mto hapakuwa na mti hata mmoja, na wanawe walikuwa bado wachanga. Lakini akasema kwa upole, "Umenena vyema, mzee. Basi tutaje nasaba, tuanze na wewe mkubwa wetu. Nani anaijua yako?"

"Shangazi yangu," Dubu akajibu kwa majivuno.

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika. Kindi akamkalisha shangazi mahali penye jua, akampa njugu.

"Shangazi, babu yenu wa kwanza alitoka wapi?"

"Kusini," shangazi akasema, akitafuna. "Barafu ilipokuwa ikiyeyuka, yeye akaifuata nyuma."

"Na bibi?"

"Huyo alitoka ng'ambo ya bahari, mbegu za ngano kwapani."

"Halafu?"

"Halafu wakaja dubu wa nyikani, mbio, vumbi tifu-tifu. Wakawapiga waume, wakaoa wake. Mtazameni huyu mabega yake. Ya nyikani kabisa."

"Na mwenyeji hasa ni yupi?"

Shangazi akafikiri. "Mwenyeji? Hapa palikuwa na barafu tupu, mwanangu."

Kindi akasema, "Mzee, amri ni yako, na mto ule pale."

Dubu akamtazama shangazi, akautazama mto. Aibu ikamsukuma. Akavuka, chubwi, chubwi. Huko upepo ukamchapa mpaka adhuhuri, akarudi ukingoni.

"Kindi," akaita, "mgeni hapo hupokewaje?"

"Hukaribishwa, akala pamoja na wageni wenzake."

Dubu akavuka tena, akala fungu lake. Msimu ule wa theluji, watoto wa Kindi walilala wameshiba.

Ngano yangu imekoma hapo. Mimi niliiokota njiani, nanyi iachieni njiani.

Na funzo lake ni hili: ukitaka kumfukuza jirani, kwanza mfiche shangazi yako.