Kibanda Kilichofungwa Siku Thelathini na Nane

Leo mkulima na mbegu zake wapumzike. Nitawapa mfano wa wakili. Tena si wakili tu, alikuwa pia mjumbe wa bunge la kaunti. Naona wengine mmeshakunja nyuso: wakili, halafu mwanasiasa! Kunjueni nyuso, sikilizeni kwanza. Mtu huyu alikuwa mnyoofu, na mtu mnyoofu mimi sioni haya kumsifu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la misumari na bati. Miaka kumi na mitano, hakuna aliyetia kidole kwenye karatasi pale kabla wakili hajamsomea neno kwa neno, kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo maana watu walimpigia kura. Na alipoingia bungeni hakufunga ofisi. Jumanne hadi Alhamisi anatunga sheria, Ijumaa yuko mahakamani anatetea watu.

Sasa, sokoni kulikuwa na uonevu. Wenye nguvu walijitwalia vibanda wakavitia kufuli, na akina mama wakauza mboga kwenye matope. Wakili akaandika sheria fupi: kibanda kikifungwa siku thelathini mfululizo, apewe mwingine.

Mjumbe mmoja mzee, mtu wa sauti ndogo, akauliza, "Na mgonjwa je?"

Wakili akajibu papo hapo, "Mgonjwa ana ndugu, mzee. Waje wafungue!"

Bunge zima likacheka. Sheria ikapita. Kufuli zikavunjwa, akina mama wakatoka matopeni, wakambeba wakili mabegani. Ilikuwa sheria nzuri, jamani. Sitawadanganya.

Mwaka haukuisha, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akaingia ofisini akilia. Mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini, naye amekaa kando ya kitanda siku thelathini na nane. Aliporudi sokoni alimkuta kinyozi ndani ya kibanda chake, ameshatundika na kioo.

"Hukuwa na ndugu wa kukufungulia?" wakili akauliza.

"Ningekuwa na ndugu, mheshimiwa, ningekuja hapa peke yangu?"

Wakili akamvutia kiti. Kisha akasema, "Kesi hii ni yangu, mama."

Siku ya kesi, wakili wa kinyozi hata hakuhangaika. Alifungua kumbukumbu za bunge akasoma kwa sauti: "Mgonjwa ana ndugu, mzee. Waje wafungue!" Akageuka akitabasamu. "Mheshimiwa hakimu, labda mwenzangu atusaidie. Maneno haya matamu ni ya nani?"

Watu wakaangua kicheko.

Wewe ungesemaje? Nakujua. Ungesema walikunukuu vibaya. Ungesema ulikuwa unatania. Na huyu ni wakili, maneno ndiyo kazi yake, angeweza kuyazungusha mpaka jua litue.

Alisimama. "Maneno ni yangu. Yule mzee aliuliza vizuri, nami nikafanya watu wamcheke. Nilikosea mimi, na aliyeumia ni mama huyu."

Hakimu akamtazama sana. "Nakusikia, wakili. Lakini mimi nafuata ilivyoandikwa." Kinyozi akabaki na kibanda.

Hapo wengi wetu tungesema tumejitahidi, twende nyumbani. Yeye akamwambia mama, "Leta makarai yako." Akampa baraza la ofisi yake. Miezi mitano omena iliuzwa chini ya kibao cha wakili, na wateja wakiingia wameshika pua.

"Wakili, siku hizi unatetea samaki?"

"Hawa hawanidanganyi. Kaa chini."

Na Jumanne iliyofuata hukumu ile alisimama bungeni, akamgeukia yule mzee mbele ya wote. "Mzee wangu, niliwafanya watu wakucheke. Nisamehe. Kile kifungu cha mgonjwa kilete wewe, kwa jina lako. Mimi nitakuwa wa kwanza kukiunga mkono." Kifungu kikapita, na mama akapewa kibanda cha kwanza kilichopatikana wazi.

Nimesikia amina huko nyuma. Irudishe kwanza hiyo amina.

Benchi la tatu, upande wa dirisha, hukaa nani? Msigeuke sana, mnajua. Hukaa Mama Awino. Wiki ya sita hii hatujamwona. Chama cha akina mama kina sheria yake, sheria nzuri: ukikosa mikutano mitatu, jina linafutwa. Jina lake limefutwa. Siku ya kulifuta, dada mmoja aliuliza, "Na kama anaumwa?" Akajibiwa, "Ana watoto Nairobi." Tukacheka kidogo, tukaendelea na chai.

Aliyejibu vile ni mimi, mchungaji wenu. Na barua ya kumfuta ina sahihi yangu. Sitawaambia nilinukuliwa vibaya. Maneno ni yangu.

Ndugu zangu, sisi si watu wabaya. Lakini Mungu hatatuuliza kama sheria zetu zilikuwa nzuri. Atatusomea tulichojibu tulipoulizwa habari za mgonjwa. Siku hiyo tutasimama tuseme nini?

Leo sitoi baraka humu ndani. Nitazitolea mlangoni kwa Mama Awino, nikishamwomba radhi. Chukueni miavuli yenu, twende.